Ufunguo Ndani ya Sabuni

Jumapili ile, saa tano asubuhi, jua likichoma mabati huko nje, sebuleni kwa Mama Pacha kulikuwa usiku. Mablanketi matatu yalikuwa yamepigiliwa misumari madirishani, mawili ya nyumba hiyo na moja la jirani aliyekubali kuliazima kwa sharti kwamba naye aingie kutazama. Shuka lilisokomezwa chini ya mlango. Juu ya stuli alisimama mtu ameshika chekeche la unga mbele ya taa, na kivuli cha chekeche kilianguka ukutani kama wavu wa kunasia watu.

"Usiku gani huu wenye joto hivi?" aliuliza Bibi, mama yake Mama Pacha, akiwa kwenye kiti chake ambacho alikuwa amekataa katakata kihamishwe.

"Bibi, tukianza tafadhali usiseme neno," alisihi Mwongozaji.

"Nyumba yangu, nisiseme?"

"Nyumba ya mkweo, mama," Mama Pacha alimkumbusha, na watu walioshonana kwenye mlango wa jikoni wakaangua kicheko.

Ilikuwa filamu ya uhalifu, nyeusi na nyeupe, mvua na vivuli mwanzo mpaka mwisho. Mvua ilikuwa mpira wa kumwagilia maua. Ngurumo ilikuwa bati. Bastola ilikuwa ya mbao iliyopakwa rangi ya viatu, na ilikuwa imeshachafua mikono ya watu watatu. Mwongozaji, kijana mwembamba aliyegeuza kofia nyuma, alikuwa amezunguka mtaa mzima akitafuta sebule yenye dirisha la nondo, ndipo akaiona hii. Mama Pacha alimwambia hataki maneno mengi, anachotaka ni kuta zake zipakwe rangi. Wakakubaliana. Ukapakwa ukuta mmoja, ule wa kuonekana kwenye kamera. Zile tatu zilibaki na alama za viganja vya pacha tangu walipojifunza kutembea. Pacha wenyewe walikuwa wamepelekwa kwa shangazi yao ili watu wapumue.

Mwenye nyumba alikuwa fundi wa funguo, na mtaani hakuwa na jina jingine zaidi ya Fundi. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, kipana kiasi cha kutosha jiliwa la kubania vyuma, tupa nne, na magoti yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo alijibanza kwenye kona, akiomba hawa watu wamalize waende.

Na aliyeishika taa yenyewe, kwa mikono miwili kama ameshika bendera ya taifa, alikuwa shemeji yake, mdogo wa Mama Pacha, ambaye kila mtu alimwita Kamanda.

"Taa isitikisike," Mwongozaji alisema.

"Haitikisiki, afande," Kamanda alijibu. Miguuni alikuwa na ndala.

Hizo ndala ndizo zilizokuwa habari ya mtaa kwa siku kumi na moja.

Kamanda alikuwa mlinzi wa ghala la matairi. Alikuwa mmoja wa wale walinzi wanaoamini kazi yao: saluti kwa bosi, saluti kwa mpishi, saluti hata kwa gari la taka. Halafu siku moja ya mapumziko, ghala likiwa limefungwa, matairi arobaini yakaondoka. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikutwa limefunguliwa vizuri, na ufunguo umeachwa ndani yake, mpya, unang'aa kama jino la dhahabu. Funguo za ghala zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao Bosi, mwingine Kamanda. Bosi hawezi kujiibia. Basi hesabu ikawa rahisi.

Walimvua sare palepale getini, wafanyakazi wenzake wakitazama. Kofia, mkanda, koti, mwisho viatu vya buti. Alirudi mtaani na soksi, mpaka kwa dada yake. Alipita mbele ya saluni, mbele ya duka la vocha, mbele ya akina mama wa maji, na kila alipopita maneno yalinyamaza kisha yakaanza upya nyuma yake. Fundi ndiye aliyemkuta mlangoni. Hakumuuliza kitu. Alivua ndala zake akazisukuma mbele ya miguu ya shemeji yake, kisha akaingia ndani pekupeku.

Tangu siku hiyo Kamanda alilala kwenye kochi la Fundi. Mnofu mkubwa wa kuku uliwekwa kwenye sahani yake. Maji ya moto ya kuoga yalikuwa yake kwanza. Majirani walishangaa. "Shemeji wa hivi anapatikana wapi?" walimwuliza Mama Pacha. "Wangu mimi angeshamwambia ndugu yangu akapange chumba." Na Fundi aliposikia hayo, aliinama akafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Kesho yake baada ya Jumapili hii ya filamu, Jumatatu saa mbili asubuhi, Kamanda alitakiwa ofisini kwa Bosi. Kulikuwa na karatasi. Akisaini kwamba yeye ndiye aliyetoa ufunguo kwa wezi, ataachishwa kazi kimyakimya. Akikataa, anapelekwa polisi.

"Nitasaini tu," alikuwa amesema asubuhi hiyo ya Jumapili wakinywa chai.

"Usaini kitu hukufanya?" Mama Pacha aligonga meza. "Ukishasaini, nani atakupa tena geti la kulinda? Hata geti la kuku hawatakupa!"

"Dada, polisi nitasema nini? Mlango umefunguliwa kwa ufunguo. Hata mimi ningekuwa bosi, ningejikamata."

Bibi alimtazama mkwewe. "Wewe ndiye mtu wa funguo. Huna la kumwambia mwenzio?"

"Chai imepoa," Fundi alisema, akainuka.

Alichokuwa nacho Fundi kifuani hakuwa amemwambia hata mto wake. Wiki moja kabla ya wizi, alikuja kibandani mtu amevaa kofia ya pikipiki yenye mkwaruzo upande wa kushoto, kioo cha moshi amekishusha nusu ya uso. Alikuwa na nusu mche wa sabuni ya kufulia umefungwa kwenye gazeti, na ndani ya sabuni, safi kabisa, alama ya ufunguo uliogandamizwa.

"Mke wangu kasafiri na ufunguo," alisema yule mtu. "Lakini mafundi wa sokoni wameniambia kazi ya sabuni huku hakuna anayeiweza. Sijui kama nakusumbua bure."

Fundi alijua sheria ya kazi yake. Bila mwenye mlango, hakuna ufunguo. Alishawafukuza watu wengi kwa sheria hiyo. Lakini maneno yale, kwamba huku hakuna anayeweza, yalimwingia kama mchanga kwenye jicho. Miaka kumi na saba chini ya ngazi, na mafundi wa sokoni wanasema nini? Alichukua tupa. Alichonga nusu saa, akipuliza vumbi, akipima, akichonga tena, na alipomaliza alifurahi kama mtoto. Kulikuwa na kitu kingine pia. Katikati ya kazi, meno yale aliyahisi kama uso wa mtu uliyewahi kukutana naye msibani: bonde la tatu lenye kina, la nne limelala. Alijua ameshaushika ufunguo wa namna hii. Alijua, akaendelea kuchonga, kwa sababu kazi ilikuwa tamu.

Sabuni yule mtu aliiacha. Fundi akaona si vizuri kuitupa, akaipeleka nyumbani, akaiweka kwenye karo la kufulia. Kamanda alipotokea na soksi zake, mkono wa Fundi ulikumbuka kabla ya kichwa. Ufunguo wa Kamanda mwenyewe ndio aliokuwa ameushika, miezi mingi nyuma.

Angesema. Usiku wa kwanza alifungua mdomo. Lakini angesema nini? Kwamba mlinzi anayetuhumiwa kutoa ufunguo ana shemeji fundi wa funguo, na shemeji huyo ndiye aliyechonga? Nani angesikiliza zaidi ya hapo? Wangewafunga pingu moja, mmoja kulia mmoja kushoto. Na sabuni, kwa akili yake, ilishakwisha kwenye mashati ya pacha.

"Mwizi yuko wapi?" Mwongozaji aliuliza.

Mwizi wa filamu alikuwa ametuma ujumbe. Jino limemvimba, shavu limekuwa kama andazi, hawezi kuonekana kwenye kamera kwa upande wowote.

Mwongozaji alikaa sakafuni akashika kichwa. Kamera ilikuwa ya kuazima, inarudishwa jioni. Kisha akainua macho taratibu, akawatazama watu waliokuwa chumbani, na macho yake yakatua kwenye kona.

"Mzee, wewe si fundi wa funguo?"

"Mimi? Hapana," alisema Fundi.

"Hapana nini, Baba Pacha?" mkewe aliruka. "Ndiye! Miaka kumi na saba!"

"Nahitaji mikono yako tu. Uso hautaonekana. Mwizi anapokea alama ya ufunguo kwenye sabuni, anachonga ufunguo, kisha anaiosha ile alama asijulikane. Mikono tu, mzee wangu."

Fundi alijibana zaidi ukutani. "Sabuni?"

"Ndiyo, wezi hufanya hivyo. Niliambiwa na mtu." Mwongozaji akawageukia wenzake. "Sabuni iko wapi?"

Wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake kaileta.

"Jamani, mtu mzima unakuja kupiga picha za sabuni bila sabuni," Bibi alisema. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliinuka kwenye kiti chake. Aliingia chumbani kwake, wakasikia kitu kikiburuzwa chini ya kitanda, akarudi amekumbatia kopo kubwa la maziwa ya unga.

Kopo hilo lilikuwa utani wa nyumba nzima. Bibi hakukubali kipande cha sabuni kitupwe. Vile vipande vyembamba kama kucha alivikusanya, kopo likijaa aliviyeyusha akatengeneza bonge moja la rangi tano, akalifulia miezi miwili. Wajukuu walimfichia sabuni kwa uchokozi. Alichopoa kipande kimoja, akachopoa cha pili, kisha akatoa kitu kimefungwa gazeti.

"Hii hapa. Tena hii ina ufunguo wake ndani kabisa, hamna haja ya kujisumbua. Niliikuta karoni. Nikasema hii nzima mno, ngoja kopo lijae kwanza."

Akamwekea Fundi mkononi.

Fundi aliitazama. Nusu mche, rangi ya bluu, imekauka ikapasuka pembeni, na katikati ile alama ikiwa safi kama siku ile. Damu yote usoni ikashuka miguuni.

"Huo uso!" Mwongozaji alinong'ona kwa furaha, akimpiga kiwiko mpiga picha. "Umeuona? Geuza kamera, geuza. Mzee, usibadilishe chochote, kaa hivyohivyo. Jamani huyu mtu ana kipaji!"

Walioko jikoni walipiga makofi. Mama Pacha peke yake hakupiga. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka kumi na nne. Mumewe hakujua kuigiza hata homa ili akwepe harusi. Ule uso haukuwa wa filamu.

Beseni la maji liliwekwa juu ya meza. Kamanda aliambiwa asogee na taa, akasogea mpaka mwanga ukawa juu ya mikono ya Fundi tu, na kila kitu kingine kikazama gizani. Chekeche lilitikiswa. Nje, mtu alipiga bati, ngurumo ikapita.

"Sasa, mzee, polepole," sauti ya Mwongozaji ilisema gizani. "Umemaliza kazi yako mbaya. Ushahidi uko mkononi. Chovya, sugua mpaka alama ifutike. Hakuna atakayejua. Tunaanza."

Fundi aliishusha sabuni mpaka ikagusa maji. Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Kusugua mara nne, tano, na watu wangempigia makofi. Alama ingekwisha mbele ya macho ya watu ishirini, na taa ikiwa imeshikwa na mtu yuleyule.

Basi, kwa mazoea ya fundi, kabla ya kuchovya alipitisha kidole gumba juu ya alama. Meno yalikuwa yaleyale. Bonde la tatu. La nne. Kidole kikafika mwisho, na pale kikasimama.

Ncha ilikuwa nzima.

Ufunguo wa Kamanda haukuwa na ncha. Kamanda alikuwa na tabia ya kufungulia soda kwa ufunguo wa ghala, mpaka siku moja ncha ikavunjika, akamletea shemeji yake kibandani huku akiomba dada asiambiwe. Fundi aliusawazisha kwa tupa. Ukabaki mfupi, kama ukucha uliokatwa. Huu uliogandamizwa kwenye sabuni ulikuwa mrefu. Haukuwa ufunguo wa Kamanda. Ulikuwa ule mwingine.

"Chovya, mzee," alisema Mwongozaji.

"Siwezi."

"Unaweza. Chovya tu."

"Nikiichovya, shemeji yangu amekwisha." Akaiinua sabuni juu ya beseni, akaikumbatia kifuani, maji yakimlowesha shati. Akautazama mwanga, maana nyuma ya mwanga ndiko alikokuwa Kamanda. "Kamanda. Ule ufunguo wa ghala nimeuchonga mimi. Aliniletea mtu simjui, kwenye sabuni hii. Nimejua tangu siku ulipokuja na soksi. Nimenyamaza siku kumi na moja."

Huko nje mpiga bati hakusikia, akapiga ngurumo nyingine. Hakuna aliyecheka. Mwanga ulianza kutetemeka ukutani, kivuli cha chekeche kikawa kinapanda na kushuka, na Mwongozaji hakusema kitu kuhusu taa.

"Siku kumi na moja," Kamanda alisema hatimaye. "Nimekula kuku wako, shemeji. Nimekuombea dua. Kila usiku namwambia Mungu, mbariki shemeji, hana mfano."

"Nilisikia. Kochi liko karibu na ukuta wetu."

"Ulisikia!"

"Nisikilize. Ufunguo ulioko humu una ncha. Wako nilikukatia ncha, unakumbuka? Zile soda?"

"Soda gani?" Mama Pacha aliuliza gizani.

Kamanda aliweka taa chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba akifanya haraka ataitupa. Akavuta blanketi la dirisha. Misumari ikang'oka, jua likaingia lote kwa mkupuo, na kila mtu akaonekana jinsi alivyo, jasho, mapaja wazi, midomo wazi. Alipita katikati yao akatoka nje.

Mama Pacha alimtazama mumewe. Majirani walijiandaa, mwanamke huyu alijulikana kwa ulimi wake. Lakini alichosema kilikuwa kifupi. "Mdogo wangu alitembea na soksi."

"Nilimwona."

"Ukampa ndala."

Fundi aliinama, macho kwenye sabuni. Bibi alirudi kwenye kiti chake, akafunika kopo lake. "Na hiyo msiiguse kwa maji," alisema. "Iwekeni mahali pakavu. Kesho saa mbili si mbali."

Mpiga picha, mtu ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alikohoa. "Samahani. Kamera ilikuwa bado inaendelea."

Ofisi ya Bosi ilinuka raba mpya. Walifika watatu: Kamanda mbele, Mama Pacha katikati kama ukuta, Fundi nyuma amebeba kopo dogo lenye kipande cha sabuni kilichofungwa kitambaa. Tangu jana Kamanda hakuwa amemsemesha. Walipotoka nyumbani alikataa kuvaa viatu vya kuazima. "Walinivua, waje waone walichokifanya," alisema, akaja na ndala.

Karatasi ilikuwa mezani tayari, kalamu juu yake.

"Mnakuja familia nzima kusaini?" Bosi aliuliza. Alikuwa mtu mnene mwenye koti lililomkaa vizuri, si mbaya wa roho, ila aliyezoea mambo yaishe haraka.

Fundi alisema yote. Alisema bila kujipunguzia. Alisema hata kuhusu mafundi wa sokoni, na jinsi alivyofurahi. Bosi alisikiliza huku kidole kikigonga meza, na Fundi alipofika kwenye neno shemeji, kidole kikasimama.

"Kwa hiyo mlinzi wangu ana shemeji anayechonga funguo za wizi, halafu ninyi mnadhani mnamsaidia?"

"Lete funguo zote mbili, Bosi," Fundi alisema. "Nakuomba hilo tu."

Ufunguo wa Kamanda ulitoka kwenye droo. Ulilazwa ndani ya alama. Meno yalikaa, lakini mbele pakabaki nafasi tupu, ya ukubwa wa punje ya mchele. Bosi alisita kidogo, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa wake. Fundi hakuugusa. Bosi aliulaza kwa mkono wake mwenyewe, na ukazama kwenye sabuni kama mtu anayerudi kitandani kwake.

Bosi aliinua macho.

"Nitajuaje hamkuitengeneza hii jana?"

Fundi alitaka kujibu, lakini aliyejibu alikuwa Kamanda. Alikuwa amesimama wima, visigino pamoja, ndala zikiwa sambamba. Sauti yake ilikuwa ile ya getini.

"Ili waitengeneze jana, Bosi, wangehitaji ufunguo wako. Jana ulikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Mfuko upi?"

"Wa koti hili."

"Na koti, ukiwa kazini, unalitundika wapi?"

"Kwenye gari. Joto humu ndani, jua likipanda tu namwachia dereva..." Bosi hakumaliza. Alivua koti lake taratibu, akalishika mbele yake akalitazama kama la mtu mwingine.

Dirishani, uani, dereva alikuwa akiosha gari. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa kando, na kofia imening'inia kwenye usukani. Fundi aliitazama kofia ile, kioo chake cha moshi, mkwaruzo upande wa kushoto. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, na hakuhitaji kusema zaidi.

Kamanda hakungoja amri. Alitoka ofisini, akavuka uwanja kwa hatua za kawaida, akamsalimia dereva, akafika getini, akalifunga. Kisha akasimama mbele yake, na ndala zake, mpaka polisi walipokuja.

Polisi walipokwisha kumchukua dereva, Bosi alimwagiza mkubwa wa walinzi amrudishie Kamanda sare. Huyo ndiye aliyemvua siku ile. Alileta buti mkononi pale ofisini, kwa haraka, akitaka yaishe.

"Hapa hapana," Kamanda alisema. "Ulinivulia getini."

Wakaenda getini. Wafanyakazi walitoka, wapakiaji, karani, mpishi na mwiko wake. Kamanda alivaa buti moja moja, akafunga kamba polepole kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alipiga saluti, na mpishi, asiyejua afanye nini na mwiko, naye akapiga.

Fundi alibaki kituo cha polisi mpaka alasiri. Aliandika maelezo mara mbili, kwa sababu ya kwanza aliyaandika kwa kifupi mno. Askari mmoja mzee alimwambia atakuwa shahidi, kibanda chake kitafungwa mwezi mmoja, na siku nyingine akichonga ufunguo kutoka kwenye sabuni, au mkate, au ugali, asimlaumu mtu. Sabuni ikabaki pale kama kielelezo, ndani ya mfuko wa nailoni wenye namba.

Alipotoka, Kamanda alikuwa amekaa kwenye benchi nje, sare kamili, ndala zimefungwa kwenye gazeti pembeni yake.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Nitakukasirikia muda mrefu. Sijapanga mpaka lini."

"Sawa, shemeji."

"Lakini dada kasema nisirudi bila wewe." Akamrushia kile kifurushi cha ndala. "Na hivi vitu vyako vinabana vidole. Ningekuambia tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nakuonea huruma."

Walitembea bila kuzungumza, buti zikigonga lami, na mbele ya saluni Kamanda hakugeuza shingo, ila alipunguza mwendo kidogo ili waone vizuri.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi na kulikuwa na harufu ya rangi. Mwongozaji na mpiga picha walikuwa wamekuja na ndoo, wanapaka ukuta wa pili. Mwongozaji alitaka ruhusa ya kuutumia ule uso wa Fundi, na Mama Pacha alikuwa amemwambia uso huo bei yake ni kuta tatu, pamoja na dari. Pacha walikuwa wamesharudi na walikuwa wanawaelekeza wapi rangi haijakolea.

Bibi aliwaona wakiingia, akatazama mikono ya mkwewe. "Iko wapi?"

"Polisi wameichukua, mama. Ni kielelezo."

"Nusu mche mzima! Wamekupa karatasi?"

"Hawakunipa."

"Utarudi kesho ukachukue karatasi."

Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa. Mama Pacha alikuwa hajamwambia mumewe neno tangu jana mchana. Alimtazama Kamanda, kofia, mkanda, buti, akamnyoosha kola ambayo haikuwa imepinda. Kisha akaingia jikoni, akarudi na beseni, lilelile la Jumapili, maji ya uvuguvugu ndani yake, na mche mpya wa sabuni ambao bado haujaguswa. Akaviweka mbele ya Fundi.

"Osha mikono ule," alisema.

Fundi aliosha. Aliosha taratibu, vidole vyote, mpaka vumbi la shaba lililokaa kwenye kucha zake kwa miaka kumi na saba likaanza kutoka, na maji yakabadilika rangi. Hakuna aliyemharakisha.

"Na usiimalize," alisema Bibi.